Bomba la Marejeo: Kisa cha Seli ya Mafuta Iliyonyimwa Maji Baridi

Bweni moja liliwekewa seli ya mafuta, mtambo unaogeuza gesi asilia kuwa umeme na joto la kupashia maji. Upande wa umeme haukuwa na kasoro. Kilowati 6 zilitoka usiku na mchana bila kukatika, na mtu anayesoma mita ya umeme peke yake angelala usingizi mzito. Balaa ilikuwa kule kwenye matangi. Boila ya gesi iliyowekwa iwe msaidizi ilikuwa inaunguruma karibu kutwa. Kichujio cha rezini, kinachosafisha maji ya mtambo, kilichotakiwa kudumu mwaka mzima kilikwisha ndani ya wiki chache. Baada ya miezi kadhaa volteji ya rundo la seli, yaani seli nyingi zilizopangwa pamoja, nayo ikaanza kupanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa wa pumu.

Niseme mapema: jengo hili nimelitunga kwa ajili ya uchambuzi, na mahitaji yake nimeyachagua ili msomaji aweze kufuata hesabu kwa kalamu na karatasi. Fizikia na kemia yake sikuitunga. Kosa lenyewe ni rahisi kutokea hata mikononi mwa mafundi wazuri, kwa sababu kila mmoja anaweza kufanya sehemu yake sawasawa na bado mtambo ukaharibika.

Jengo na njaa yake

Ni bweni la ghorofa linalotumia lita 3,000 za maji ya moto kwa siku, ya kuogea na kufulia. Maji huingia yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi na hupashwa hadi 60. Kila lita inahitaji kilojuli 4.19 ili ipande kwa nyuzi moja, kwa hiyo kazi hiyo inakula karibu uniti 140 za joto kwa siku, uniti moja ikiwa kilowati-saa moja. Kuna pia bomba la mzunguko, linalozungusha maji ya moto ndani ya jengo saa 24 ili mkaaji wa ghorofa ya juu asisubiri bombani. Lina urefu wa mita 150 na kila mita inapoteza wati 8; hizo ni uniti 28 na ushee. Jumla ya njaa ya joto ni uniti 168 kwa siku.

Umeme haushuki chini ya kilowati 6 hata usiku wa manane, na jioni hufika 22. Gesi asilia inaingia kwa bomba. Swali ni seli gani iwekwe, na ya ukubwa gani.

Wagombea wawili

Jina «seli ya mafuta» huwapoteza wengi. Hakuna kinachochomwa ndani ya seli. Haidrojeni na oksijeni hukutana kupitia elektroliti, tabaka linalopitisha ioni lakini si elektroni, kwa hiyo elektroni zikalazimika kuzunguka kwa nje, na mzunguko huo ndio umeme. Kinachobaki ni maji na joto. Joto hilo ukilitupa, una jenereta ghali. Ukilitumia, una mtambo wa joto na umeme kwa pamoja.

Mgombea wa kwanza ni seli ya utando wa plastiki, inayofanya kazi kwenye nyuzi 60 hadi 80. Inawaka haraka na haichukii kuzimwa. Ila inadai haidrojeni safi: kaboni monoksaidi ikizidi sehemu chache katika milioni, platini ya anodi, yaani upande wa seli unaopokea mafuta, inazibwa. Kwa hiyo gesi asilia lazima ipite kwanza kwenye mlolongo wa vyombo vya kuigeuza na kuisafisha, na kila chombo kinakula ufanisi. Tuchukue mtambo wa namna hii unaotoa umeme asilimia 35 na joto asilimia 50 ya nishati ya gesi.

Mgombea wa pili ni seli ya kauri, inayofanya kazi kwenye nyuzi 700 na zaidi. Kwake kaboni monoksaidi ni chakula, na methani, sehemu kubwa ya gesi asilia, inaweza kupasuliwa kwa mvuke mle mle kwenye anodi ya nikeli. Hesabu ya umeme wake inapendeza. Volteji ya juu kabisa ambayo nishati ya methani inaruhusu ni 1.04 kwa seli. Seli ikifanya kazi kwenye volti 0.8, umeshapata asilimia 77. Gesi inayotumika ndani ya rundo ni asilimia 80 ya inayoingia, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa seli uwe wa kutumika jengoni) pamoja na vipulizi vinakubakizia asilimia 90. Zidisha zote: 55. Joto tuliloahidiwa ni asilimia 30. Udhaifu wake ni kwamba hapendi kuzimwa. Kupasha kauri hadi nyuzi 700 ni kazi ya saa nyingi, na kila kupoa na kupata moto tena kunatishia viziba vya kioo na nikeli yenyewe.

Wengi huanza kwa kuangalia umeme, wakanunua mtambo wa wastani wa mahitaji, tuseme kilowati 12 za seli ya utando. Mtambo huo ungezaa uniti 411 za joto kwa siku ndani ya jengo linalotaka 168. Zaidi ya nusu ingepeperushwa hewani. Ukitaka joto lisipotee, seli ya utando hapa ni ya kilowati 5: inatoa joto uniti 171 kwa siku, karibu sawa kabisa na njaa yetu, na umeme wake wote unamezwa na jengo hata usiku.

Kwa kauri tunachukua kilowati 6, sawa na umeme wa usiku wa manane, ili isizimwe kamwe. Inakula gesi uniti 262 kwa siku, inatoa umeme uniti 144 na joto uniti 78. Joto lililobaki, uniti 90, linatoka kwenye boila yenye ufanisi wa asilimia 90, yaani gesi uniti 100 zaidi. Jumla ya gesi ni 362. Seli ya utando ingekula 343 na kutoa umeme uniti 120. Linganisha: kauri inaongeza gesi uniti 19 na kukupa umeme uniti 24 zaidi. Ni kama umepata umeme mwingi kuliko gesi uliyoongeza! Hakuna muujiza, ni boila iliyochukua kazi ya kupasha maji, kazi isiyohitaji ujuzi, na seli ikaachiwa ile ya kuzalisha umeme. Mimi pia ningechagua kauri.

Uchaguzi haukuwa kosa.

Mahali ilipofungwa

Fundi wa mabomba alijiuliza: ni wapi katika jengo hili maji yanapita saa zote na yanahitaji joto saa zote? Jibu likawa bomba la marejeo la ule mzunguko. Maji yanarudi yakiwa na nyuzi 55, seli inayapasha kidogo, yanaingia kwenye tangi la nyuzi 60. Ni jibu la mtu anayefikiri. Nyuzi hizo 55 nazo zina sababu: maji ya mzunguko yakiachwa yapoe, bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi humo, hivyo hakuna mtu mwenye akili atakayeshusha joto la mzunguko ili kuifurahisha mashine.

Fundi wa seli alisoma kwenye karatasi yake kwamba mtambo unaweza kupokea maji ya hadi nyuzi 60, akatia saini. Karatasi ilisema kweli: unaweza kupokea. Haikusema utakuwa unapata nini.

Moshi unasema nini

Tuuite moshi, ingawa hauna masizi. Tufuate moli moja ya methani (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe) kuanzia inapoingia hadi inapotoka.

Ili ipasuliwe bila kuacha kaboni kwenye nikeli, inachanganywa na moli 2.5 za mvuke. Hewa inayopulizwa ni mara tatu ya ile ambayo kemia inaidai, kwa sababu hewa ndiyo inayobeba joto la ziada kutoka kwenye rundo. Kwa hiyo oksijeni ni moli 6 na naitrojeni 22.6. Mwisho wa safari moshi una kaboni dioksaidi moli 1, oksijeni iliyobaki 4, naitrojeni 22.6, na maji 4.5: yale 2.5 tuliyoingiza pamoja na 2 yaliyozaliwa na methani. Jumla ni 32.1. Maji ni asilimia 14 ya moshi, na mvuke wa kiasi hicho huanza kugeuka maji moshi unapopoa hadi nyuzi 53.

Hapo ndipo kisa kilipo. Kiwango cha umande cha moshi wetu ni nyuzi 53, na maji tuliyoyaleta kuupoza yana nyuzi 55. Hata kibadilishaji joto, chombo kinachohamisha joto la moshi kwenda kwenye maji, kiwe kikubwa kama chumba, hakitatonesha tone moja.

Hasara yake sasa. Moli moja ya methani ina kilojuli 802. Moshi ukitoka na nyuzi 60, joto lake la kawaida ni kilojuli 34 hivi, asilimia 4, hilo tungelivumilia. Lakini zile moli 2.5 za maji tulizoziingiza zilivukizwa kwa joto letu wenyewe, kilojuli 44 kila moli. Hizo ni 110. Zisiporudi kuwa maji ndani ya kibadilishaji joto, joto fiche hilo linapanda bombani na kwenda zake. Ukijumlisha, asilimia 18 ya gesi imepotea.

Moshi uleule ukipozwa hadi nyuzi 35, moli 2.88 za maji zinatoneka na kurudisha kilojuli 127, yaani lile deni la 110 pamoja na sehemu ya joto fiche la maji yaliyozaliwa na methani. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni karibu asilimia 19 ya gesi yote. Joto tuliloahidiwa, asilimia 30, lilipimwa kwa maji baridi. Kwa maji ya nyuzi 55 linabaki asilimia 11.

Asilimia 11 ya gesi yetu ni kilowati 1.2. Kwa siku ni uniti 29, kiasi kilekile kinachopotea kwenye kuta za bomba la mzunguko. Kwa maneno mengine, mtambo wote ule wa kisasa ulikuwa unapasha kihami joto cha bomba, na kila lita aliyooga mwanafunzi ilipashwa na boila. Gesi ya siku ikawa 417 badala ya 362.

Kiu

Hasara ya joto inaonekana kwenye ankara. Hasara ya maji ni ya siri zaidi, na ndiyo inayoua rundo.

Mtambo wa aina hii hujinywesha wenyewe: maji yanayotoneka kwenye moshi hukusanywa, hupitishwa kwenye rezini, hurudishwa kuwa mvuke wa kupasulia methani. Kwa kilowati 6 inahitaji lita 53 kwa siku. Ili izipate kutoka kwenye moshi wake lazima moshi upoe hadi nyuzi 38 au chini zaidi. Hapo ndipo moli 2.5 kati ya 4.5 zinakuwa zimetoneka. Juu ya hapo, boya la tangi dogo la ndani linashuka, vali inafunguka, na maji ya bomba la kawaida yanaingia.

Rezini ilipimwa kwa maji yaliyotokana na mvuke, ambayo hayana uchafu wa maana isipokuwa kaboni dioksaidi kidogo. Sasa inakabidhiwa lita 53 kila siku za maji yenye chokaa na chumvi. Inajaa. Wiki chache, imekwisha. Fundi akichelewa kuja, chumvi zinapita hadi kwenye chombo cha kuvukiza na kuacha ukoga kwenye kuta zake. Ukoga unafanya maji yachemke kwa mitupo: mvuke mwingi, kimya, mvuke mwingi tena. Kwenye kimya methani inafika kwenye nikeli bila mvuke wa kutosha na kuacha kaboni. Kwenye mitupo mvuke unaisukuma gesi na kubadilisha shinikizo. Volteji inayumba, na anayetazama skrini anasema rundo limezeeka.

Rundo halijazeeka. Lina kiu.

Hapa ndipo ninapowalaumu kidogo wanaotengeneza mitambo hii. Vali inayofungua maji ya bomba kimyakimya ni upole wenye madhara. Ingekuwa heri mtambo ulalamike kwa sauti siku ya kwanza kuliko kuendelea kunywa maji machafu kwa adabu.

Njia zilizokuwapo

Njia ya kwanza ni kupunguza hewa. Ukipuliza mara mbili badala ya mara tatu, moshi unakuwa mzito kwa mvuke: umande unaanzia nyuzi 60, na kujitosheleza kwa maji kunawezekana tayari kwenye nyuzi 46. Inavutia, ila hewa hiyo ndiyo inayopoza rundo. Ukiipunguza bila kubadilisha kitu kingine, upande mmoja wa kauri unakuwa na moto kuliko mwingine na inapasuka. Inafaa pale tu ambapo methani nyingi inapasuliwa ndani ya rundo lenyewe, kwa kuwa kupasuka huko hunyonya joto na kusaidia kupoza. Na bado nyuzi 46 haziifikii 55.

Njia ya pili ni nzuri mno kimawazo: kurudisha sehemu ya gesi inayotoka kwenye anodi hadi mwanzo wa njia. Gesi hiyo imejaa mvuke tayari, ukiwa mvuke na haujawahi kuwa maji. Ukiifanya hivyo huhitaji kuingiza lita 53, huna deni la kilojuli 110, na moshi unaotoka na nyuzi 60 unakupotezea ile asilimia 4 peke yake. Joto la mtambo lingebaki karibu asilimia 25 hata kwa maji ya nyuzi 55. Lakini inataka kipulizi kinachohimili gesi ya moto mkali, na huo ni uamuzi wa kiwandani. Jengo lililokwisha kununua haliwezi kuufanya. Kwa anayechagua mtambo leo, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji: mvuke wako unatoka wapi?

Wengine watasema tungechukua seli ya utando. Isingetuokoa. Rundo la nyuzi 65 au 70 linalopozwa na maji ya nyuzi 55 lina pumzi ndogo sana, na riforma yake, kile chombo cha kuigeuza gesi asilia, pia inataka maji yarudi. Seli ya asidi ya fosforiki, inayofanya kazi karibu na nyuzi 200, ndiyo ingelicheka bomba la nyuzi 55. Ila mitambo yake iliyozoeleka ni ya mamia ya kilowati.

Kilichofanywa

Mtambo haukuguswa. Mabomba ndiyo yaliyohamishwa.

Maji pekee ya baridi katika jengo ni yale yanayoingia kutoka nje, nyuzi 20. Joto la seli kwa siku, uniti 78, likigawiwa lita 3,000, linazipandisha kwa nyuzi 22 na nusu: kutoka 20 hadi 42.5. Boila inamalizia hadi 60 na kulipia hasara ya mzunguko, jumla uniti 90, ile ile ya kwenye mpango. Kila mmoja anapata sehemu inayomfaa. Seli inashika ngazi ya chini, boila inashika ya juu, na bomba la mzunguko linarudi kwa boila.

Kuna mtego. Tangi la maji ya kuoga lililokaa kati ya nyuzi 25 na 45 ni shamba la Legionella. Kwa hiyo joto la seli halikuhifadhiwa kwenye maji ya kuoga. Liliwekwa kwenye tangi lenye maji yake lenyewe, yasiyotoka kwenye bomba la mtu yeyote, na mtu anapofungua bomba maji mapya hupita kwenye kibadilishaji joto cha mabamba na kuchukua joto hapo hapo. Mapengo kati ya vipindi vya kuoga yanafika saa 12. Kwa muda huo seli inatoa uniti 39, ambazo zinaenea kwenye lita 1,000 ikiwa chini ya tangi ni nyuzi 24 na juu ni 60. (Nchini Japani mitambo midogo ya majumbani, inayouzwa tangu 2009 kwa jina ENE-FARM, ilitoka kiwandani ikiwa na tangi lake. Naelewa kwa nini hawakutaka kumwachia kila fundi abahatishe.)

Kisha pampu. Mafundi wengi wa mabomba wanapenda maji yakimbie, na kwa radieta hiyo ni tabia njema. Hapa ni sumu: maji yakikimbia yanavuruga tangi, ya chini yanachanganyika na ya juu, na kesho yake moshi unakutana tena na maji ya vuguvugu. Kupasha kutoka 24 hadi 60 kwa kilowati 3.27 kunataka lita 78 kwa saa, mkondo mwembamba ambao ukiuona utadhani pampu imekufa. Niliangalia pia kama kibadilishaji joto hakitakwama katikati: pale moshi unapofika nyuzi 53 na kuanza kutonesha, maji yanayopanda yako kwenye 45 au 46. Kuna nafasi ya nyuzi 7. Inatosha.

Chombo cha kuvukiza kilisafishwa ukoga, rezini ikawekwa mpya, na vali ya maji ya bomba ikafungiwa mita ndogo ya kuhesabu lita.

Moshi ukitoka na nyuzi 35, maji yanayotoneka ni lita 61 kwa siku, na mtambo unakunywa 53. Lita 8 za ziada zinadondokea mferejini. Mlinzi wa chumba cha mitambo hahitaji skrini: asubuhi anaangalia kama mfereji una maji. Ukiwa mkavu, anakwenda kushika bomba linaloingia kwenye seli, na likimuunguza anampigia fundi.